Bakuli la Pili la Chumvi

Jumanne, 4 Machi

Mpwa wangu Kionjo,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitauliza afya, nitauliza mvua, nitamuulizia mama yako mkubwa na miguu yake, karatasi itajaa, nitatia sahihi na sijasema kitu. Basi nimeshasema. Sasa salamu: hujambo?

Mimi nipo. Simu yako haipatikani tangu uondoke. Ya mama yako mkubwa nikipiga anapokea vizuri, akisikia sauti yangu anasema, "Umekosea namba, baba," anakata. Dada yangu wa tumbo moja ananiita baba! Ndiyo maana nimeandika na kumpa dereva wa gari la mboga, maana analala huko kwenu kila safari. Kaniuliza, "Barua ya mapenzi hii?" Nikamwambia abebe kabichi zake anyamaze.

Kosa lenyewe ni hili. Asubuhi ile, siku ya pili baada ya sherehe, ulikuja getini pale kazini na begi lako. Nilikuwa napokea maziwa. Ukaniuliza, "Mjomba, niambie kweli, hakuna kabisa kazi ya upishi ambayo mtu hashiki namba?" Nami nikakujibu bila hata kuweka chini lile dumu, "Hakuna. Jiko siku hizi ni hesabu tupu. Katafute kitu kingine." Ukasema ahsante. Ukaondoka.

Nilikudanganya, Kionjo. Zipo. Zipo nyingi, na mimi niliyezeeka jikoni nazijua kuliko wewe.

Mtu wa mchuzi hana haja na namba. Anaonja, anatia, anaonja tena, mpaka ulimi wake useme basi. Mchoma nyama anaibonyeza kwa kidole. Nyama ikimrudishia kidole anajua bado, ikilegea anageuza. Kuna mtu wa kupanga sahani, yule ni jicho tu. Kuna wapishi wa majumbani, wanaopikia familia moja, na sijawahi kusikia mama wa nyumba anauliza gramu. Anauliza watoto wamekula? Kuna mpishi wa chakula cha wafanyakazi, yule anafungua friji anaona kilichobaki, anakuna kichwa, anaanza. Na viwanda vya vyakula vinaajiri watu wa kuonja tu, kukaa kwenye kiti na kusema hii imezidi, hii imepungua. Kukaa kwenye kiti! Sisi tunasimama mpaka magoti yanalia.

Anayebanwa na mizani kweli ni Fundi Mkate wetu, na hata yeye nimemwona anaushika unga kwa kiganja, anatikisa kichwa, anaongeza maji ambayo kadi ya vipimo haikusema.

Sisemi hakuna namba kabisa. Kila jiko lina stoo na stoo ina hesabu. Lakini hiyo anafanya mwingine. Mtu mmoja hafanyi kila kitu.

Usiniulize kwa nini nilikuambia hakuna. Yaani uliza, lakini sina hakika kama nitaweza kujibu, kichwa changu kimevurugika. Niandikie kwanza unafanya nini huko.

Mjomba wako


Jumatatu, 10 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenichanganya. Nilipoisoma peke yangu nilicheka kwa ajili ya kabichi, halafu nikakaa chini kwenye ndoo. Nikampa mama mkubwa naye asome. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja, akasema, "Kaka yangu mimi namjua. Akianza kuomba radhi kwa kitu kidogo, ujue nyuma yake kuna kikubwa." Nikamwambia, "Mama, acha, mjomba ananihurumia tu." Ni hivyo, siyo? Unanihurumia.

Maana mimi ndiye niliyekukosea wewe. Ulinichukua sijui hata kushika kisu, ukanisimamisha pembeni yako, ukawa hupakui sufuria mpaka umeniita, "Njoo uonje, sema." Wenzangu walikuwa wanamenya viazi mwaka mzima hawajaitwa hata mara moja. Halafu siku ya kumuaga mwalimu mkuu, unanipa mizani mbele ya watu, kazi moja tu, mabakuli mawili ya chumvi kwa sufuria mbili za mchuzi, na mimi namwaga yote mawili kwenye sufuria moja. Sufuria moja bahari, nyingine maji ya mvua. Bado nasikia mwalimu mkuu anavyokohoa katikati ya hotuba. Bado nasikia wale wa kuosha vyombo: "Kumbe huyu hajui kuhesabu hata mpaka mbili!" Na walikuwa na haki yao, Mjomba. Ni mbili tu.

Sasa unafanya kazi gani, unauliza. Nipo kwa dobi anayefulia nyumba ya wageni. Nilikimbia namba jikoni, nimezikuta kwenye mashuka! Kila shuka lina namba ya chumba kwenye pembe, kwa wino, na kwangu mimi kumi na sita na sitini na moja ni ndugu mapacha. Wiki ya kwanza nilimpelekea mgeni mmoja mashuka ya watu wengine watatu. Mzee wa Pasi akaniuliza, "Binti, shule ulienda kufanya nini?" Nikamjibu, "Kula, mzee." Akacheka mpaka akaunguza kola ya mtu. Sasa nashona uzi wa rangi kwenye kila furushi, napeleka kwa rangi. Hajagundua.

Lakini kuna jambo. Nyuma ya dobi kuna jiko la Mama Jiko, ndivyo wote wanavyomwita, analisha ofisi zote za mtaa huu. Siku moja nakula pale nikamwambia mwenzangu, si kwa sauti kubwa, "Mchuzi wa leo uliungua chini, wakaongeza nyanya kuficha." Mara nikaona kivuli. Mama Jiko mwenyewe, na upawa mkononi.

"Nani kasema?"

"Mimi, mama. Samahani."

"Samahani ya nini? Njoo nyuma."

Akanionjesha vyungu vyake vyote. Kila ninachosema anamwangalia msaidizi wake, na yule anainamisha kichwa. Mwisho akasema, "Hesabu zangu nafanya mwenyewe. Mimi nataka mdomo." Mtu wake wa michuzi anaondoka mwisho wa mwezi. Anataka nije Jumatatu tarehe 31, nisimame kwenye sufuria zake siku nzima anitazame. Nikifaa, kazi ni yangu.

Mjomba, nilitaka kukataa. Nilikuwa nimeshatengeneza maneno ya kukataa, kwa sababu wewe ulisema hakuna kazi kama hiyo, na wewe huwa husemi ovyo. Halafu inakuja barua yako. Nimwamini mjomba yupi, wa getini au wa karatasi?

Anasema kabla sijaja atapiga simu kwenu, anataka neno la mpishi aliyenilea. Akipiga, tafadhali, mwambie ukweli wote. Hata ule wa chumvi. Usinifiche. Nataka akinichukua anichukue ananijua.

Mama mkubwa anakusalimu. Hakukusalimu, lakini nimeandika.

Mpwa wako,
Kionjo


Ijumaa, 14 Machi

Kionjo,

Dada yangu ana akili kuliko sisi wote. Kipo kikubwa nyuma.

Nimeisoma barua yako stoo, nimekaa juu ya gunia la vitunguu. Fundi Mkate kaingia kuchukua hamira akasema, "Vitunguu vinakuliza leo?" Nikasema ndiyo. Vilikuwa bado kwenye gunia, vizima.

Wewe hukumwaga mabakuli mawili. Ulimwaga moja.

Nakumbuka vizuri. Ulipima mawili, uliyapima sawasawa, mimi nilikuwa nakuangalia kwa pembeni na namba ilisimama pale pale ilipoandikwa kwenye kadi ya Meneja. Ukamwaga la kwanza kwenye sufuria ya kwanza. Ukaitwa nyuma kupokea mboga. La pili likabaki juu ya meza, katikati ya sufuria mbili. Mimi nikaja, nimetoka kugombana na wabeba viti. Nikaliona bakuli. Nikasema moyoni, huyu mtoto kasahau chumvi. Nikalimwaga kwenye sufuria iliyokuwa karibu na mkono wangu. Ya kwanza.

Sasa utaniuliza, na ni haki yako, kwa nini mpishi wa miaka yote hii asionje kwanza. Mpishi yeyote angechovya kijiko. Hata yule kijana wa kuosha masufuria angechovya.

Mimi sionji, Kionjo. Siwezi. Yale mafua mabaya ya mwaka juzi, yaliyonilaza mpaka mkaniletea uji kitandani, yaliondoka na ulimi wangu. Na pua. Nilidhani zitarudi. Kila asubuhi naramba chumvi kidogo nione kama imerudi, na kila asubuhi ni kama naramba ukuta. Chai yangu nakunywa kwa sababu ni ya moto. Nimekula kipande cha sabuni nikidhani ni jibini, Fundi Mkate ndiye aliyenivuta mkono, akadhani natania.

Sikumwambia mtu. Mpishi mkuu asiye na ulimi ni nini? Ni mtu aliyevaa aproni tu.

Kwa hiyo ule "njoo uonje, sema" ulikuwa hivyo. Nilikuwa naazima ulimi wako. Wewe ukisema "bado kidogo ndimu," mimi natia ndimu. Ukisema "sasa imekaa," naita wahudumu wapakue. Hata hilo jina la Kionjo nililokupa, wenzako wakadhani nakudekeza. Nilikuwa nakuita kitendea kazi changu.

Siku ya sherehe, mwalimu mkuu alipoanza kukohoa na Meneja akaja jikoni mbio, tai imegeukia mgongoni, akapiga kelele, "Nani kapima chumvi?" mimi nilishajua. Mkono wangu ulikuwa bado na chumvi kwenye mikunjo ya vidole. Sikukutaja. Nataka ujue hilo, halafu nataka ujue kwamba haisaidii. Sikusema neno lolote, niligeuza shingo tu nikakutazama. Wote wakageuza zao.

Na asubuhi ile getini nilikuambia hakuna kazi za namna hiyo kwa sababu niliogopa. Ukienda jiko lingine ukafanya vizuri, mtu angeuliza: huyu ndiye aliyeharibu sherehe? Halafu angeuliza tena. Nilitaka uende mbali na masufuria yote ya dunia. Na papo hapo nilitaka ubaki, maana bila wewe mimi sina mdomo. Niliyataka yote mawili kwa pamoja, nimelishika dumu la maziwa. Mpaka leo sielewi mtu anawezaje.

Tangu uondoke napika kwa kadi. Gramu kwa gramu, kama Meneja anavyopenda. Wateja hawalalamiki, hawasifu pia. Sijui ninachowalisha.

Huyo Mama Jiko akipiga simu, nitamwambia. Nakuahidi. Nenda kwake tarehe 31 kichwa juu.

Mjomba


Jumamosi, 22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Gari la mboga halijaonekana wiki nzima, wanasema limevunjika njiani, kwa hiyo sijapata barua yako kama uliandika. Naandika hii niiweke tayari.

Mama Jiko alipiga simu Alhamisi. Leo kaniita. Hakuniita nyuma, kaniita kwenye kaunta, mbele ya watu wanaosubiri kufungiwa chakula. Akasema, "Nimeongea na mpishi wenu mkuu. Mwanamume mwenye sauti ya pole."

"Ndiyo, mama. Ni mjomba wangu."

"Kasema una mdomo mzuri. Nikamuuliza, ana kasoro? Akasema, ndiye aliyetia chumvi mara mbili kwenye sherehe."

Nikasema, "Ni kweli, mama. Nilimwomba akuambie."

Akaniangalia sana. "Kukosea si neno. Mimi mwenyewe nimeunguza wali wa msiba. Lakini niambie, ulionja kabla hawajapakua?"

Hapo ndipo niliposhindwa, Mjomba. Hili sijawahi kukuambia hata wewe.

Nilionja. Nilirudi kutoka kupokea mboga, nikakuta bakuli tupu, nikachovya kijiko sufuria ya kwanza, ulimi ukasimama. Chumvi tupu. Nikatazama bakuli, nikajisemea, umeshafanya, umechanganya tena. Lakini mkono wangu haukukumbuka kumwaga. Ulimi unasema jambo moja, mkono unasema jingine, na mimi nikaamini lile nililoambiwa tangu darasa la kwanza, kwamba penye namba mimi ndiye mwenye kosa. Nikaogopa. Nikafunika sufuria. Wahudumu wakaja wakabeba.

Nikamwambia Mama Jiko, "Nilionja. Nilijua. Nilinyamaza."

Akasema, "Hilo ndilo baya. Mtu anayejua mchuzi umeharibika akaufunika, simweki kwenye sufuria zangu." Jumatatu ile anamjaribu binti mwingine. Kama nataka, nije kumenya na kuosha. Hajakasirika. Alinifungia hata chakula cha mama mkubwa. Afadhali angekasirika.

Basi ndivyo ilivyo. Usijilaumu, ulisema nilichokuomba useme.


Jumatatu, 24 Machi

Mjomba, dereva kafika leo asubuhi. Nimesoma barua yako ya tarehe 14, nimesimama katikati ya mashuka ya watu.

Sijui niseme nini kwanza, kwa hiyo nasema yanavyokuja.

Barua ni ya tarehe 14. Simu ni ya tarehe 20. Kwenye karatasi umemwaga wewe, kwenye simu nimemwaga mimi. Nina wajomba wangapi? Aliyepokea simu ni nani? Kama ni Meneja au mtu mwingine aliyejifanya wewe, niambie, nitaelewa. Sauti ya pole si yako peke yako duniani.

Halafu hili la ulimi. Nilidhani unanifundisha. Mwaka mzima na zaidi, kila ukiniita nionje, nilikuwa naenda na kifua mbele. Nilikuwa nafanya mazoezi nyumbani. Naramba vitu nimefumba macho, nakariri, ili ukiniuliza kesho nisikuangushe. Mama aliniuliza kwa nini naramba kifuniko cha siki, nikamwambia, "Mjomba anataka niwe kama yeye." Sasa unaniambia nilikuwa kijiko. Nimekasirika? Ndiyo. Lakini pia nimejiuliza, sasa huu ulimi wangu umefundishwa na nani? Maana umefundishwa. Mama Jiko kauona. Kichwa kinaniuma.

Na tena nakuhurumia, na sitaki kukuhurumia leo. Kuramba chumvi kila asubuhi! Kwa nini hukusema? Ningekuonjea tu. Ungeniambia, "Kionjo, mjomba wako hana ulimi, niazime wako," ningekuonjea mpaka uzeeke, na nisingemwambia hata mama.

Mimi nilijua mchuzi umeharibika nikaufunika. Wewe ulijua nani kauharibu ukafunika. Nani kamkosea nani? Nimeshindwa kupanga.

Binti mwingine anaanza tarehe 31. Nilidhani nimeshakubali kuosha vyombo. Baada ya barua yako sijakubali tena, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi.

Mama mkubwa kauliza umeandika nini. Nimemwambia bado sijaelewa.

Kionjo


Jumatano, 26 Machi

Kionjo, mwanangu,

Hakuna aliyejifanya mimi. Aliyepokea simu ni mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, usinisaidie kwa kuelewa.

Simu ya ofisi ipo mezani kwa Meneja, unaijua. Karani alikuja kuniita, "Mpishi, kuna mama anakuulizia." Nikafuta mikono. Njia nzima kutoka jikoni nilikuwa naisema kimoyomoyo: nilimwaga mimi, nilimwaga mimi. Nikaingia, Meneja yupo kwenye kiti chake, anakata kucha. Hakutoka. Kwa nini atoke, ni ofisi yake.

Mama Jiko akauliza habari zako nikasema vizuri, nikakusifia, Meneja akainua macho akarudi kwenye kucha. Halafu ndiyo yule mama akauliza kasoro. Nikafungua mdomo. Kionjo, sentensi ilikuwepo, ipo hapa kwenye ulimi huu huu usio na kazi nyingine. Lakini nikaona nikisema "nilimwaga mimi," Meneja atauliza kwa nini hukuonja. Nikisema sikuonja kwa sababu gani, ndiyo basi, aproni nimevua. Na hapo hapo nikakumbuka maneno yako: mwambie ukweli wote, hata ule wa chumvi, usinifiche. Nikajisemea, si kaniomba mwenyewe? Nikasema ulichoniomba niseme.

Nimekaa na hilo siku hizi zote. Kuna saa nadhani nilikutii. Kuna saa najua nilikuuza kwa maneno yako mwenyewe. Nilikuahidi kwenye karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa imekwama njiani kwenye gari bovu, nikajua bado hujaisoma. Nadhani hilo nalo lilinisaidia kudanganya. Ahadi ambayo mtu hajaipata ilionekana kama bado sijaitoa.

Baada ya simu Meneja akaniuliza, "Nani huyo?" Nikasema, "Mtu wa mboga." Nilidanganya hata pale ambapo hakuna aliyenibana.

Sasa la kufundisha. Nimefikiri sana nikujibu bila kujipamba. Kabla ya mafua nilikuwa nakufundisha. Siku ya kwanza nilipokuita uonje mchuzi wa maharage, ukasema "una harufu ya sufuria," na kweli sufuria ilikuwa haijasuguliwa, nilifurahi kama mzazi, na ulimi wangu siku hiyo ulikuwa mzima, nilikuwa nimeisikia harufu hiyo hiyo. Baada ya mafua nilikuwa naomba. Lakini maneno yalikuwa yale yale, "njoo uonje, sema," na wewe usingeweza kujua siku ipi yamegeuka. Mimi mwenyewe siijui. Kuna siku nilikuwa naazima na kufundisha kwa pumzi moja. Kwa hiyo hukuwa kijiko tangu mwanzo, ila kuna wakati nilikufanya kijiko, na sikukuambia. Ulimi wako ni wako. Kama kuna mtu aliyeufundisha, ni yule aliyekuwa anaramba kifuniko cha siki nyumbani.

Na la kufunika sufuria. Mama Jiko ana haki, mpishi hafuniki mchuzi mbaya. Lakini ulifunika kwa sababu ulidhani umeharibu wewe, na ulidhani hivyo kwa sababu jiko zima lilikuwa linakucheka kwa namba, na aliyeanza kucheka ni mimi. Nilipokukabidhi mizani nilisema kwa sauti, "Haya, leo tuone kama mizani inampenda." Watu wakacheka. Nilisema ili wasinitazame mimi. Kama nisingesema vile, ungeonja, ungesema, "Mjomba, huu umezidi," kama ulivyosema mara zote. Tungegawa mchuzi kwenye sufuria mbili, mwalimu mkuu angemaliza hotuba yake.

Hujui nani kamkosea nani, unasema. Mambo mengine yote hapa yamenichanganya, lakini hilo moja haliko kwenye mchanganyiko.

Jana nimemwendea Meneja nikaomba ruhusa ya Jumamosi. Tangu niajiriwe sijawahi kuomba Jumamosi. Akashangaa.

"Kuna msiba?"

"Hapana, bosi."

"Harusi?"

"Nakwenda kumwambia mama mmoja ukweli."

Akanitazama kama naumwa. Akasema, "Mbona sielewi? Ukirudi, uje uniambie na mimi huo ukweli." Nikasema nitakuja. Sikupanga kusema hivyo, lakini nimeshasema, na karani alikuwepo. Kama nitarudi nikiwa mpishi mkuu au mmenya viazi, nitajua Jumatatu. Mikono bado inamenya.

Kwa simu siwezi, umeona mwenyewe. Kwa barua nimekuwa mtu hodari sana, barua haijibu. Kwa hiyo nakuja kwa miguu yangu.

Jumamosi hii, tarehe 29, nitapanda gari la mboga alfajiri, nimeshamlipia dereva soda na nafasi ya mbele. Kabla Mama Jiko hajafungulia wateja nitakuwa mlangoni kwake. Sitamwambia nina sauti ya pole. Nitamwomba aweke sufuria mbili jikoni, moja yenye chumvi na moja isiyo nayo, anifumbe macho, anionjeshe mbele ya wafanyakazi wake wote na mbele ya huyo binti mwingine kama atakuwepo. Sitaweza kuzitofautisha. Akishaona kwa macho yake, nitamweleza bakuli la pili lilimwagwa na nani, na kwa nini aliyelimwaga hakuonja, na nani aliyegeuza shingo. Halafu nitamwomba akurudishie nafasi yako ya tarehe 31. Akikataa, nitakaa kwenye benchi lake mpaka afunge, Jumapili nitarudi kumwomba tena.

Wewe usije kama hutaki kuniona. Mama yako mkubwa akitaka kuja kunitukana, aje, nitamnunulia chai.

Mjomba wako